NG'OMBE HAWEZI KUSHITAKI

Leseni ya Bwana Mifugo ni ngao ya nani?

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alinunua mtamba kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Alimjengea banda la mabati, akampandia majani ya tembo, na kila jioni alikaa kando ya banda akimtazama kama mtu atazamavyo akiba yake ya uzeeni. Mtamba alikuwa na mimba ya miezi saba alipoacha kula. Mwili wake ulikuwa moto, tezi za chini ya masikio zilikuwa zimevimba, na pumzi yake ilikuwa ya haraka. Mzee akamwita kijana mmoja ambaye mtaa mzima humwita "daktari". Kijana akafika kwa pikipiki, akafungua mkoba, akachoma sindano mbili, akapokea fedha akaenda zake. Siku ya tatu akarudi, akachoma nyingine, akapokea nyingine. Siku ya tano povu jeupe likamtoka mtamba puani, akaanguka, akafa, na ndama akafia tumboni.

Baadaye alipita Bwana Mifugo wa kata kwa shughuli nyingine. Alipopewa habari akainama penye jaa, akaokota chupa zilizotupwa, akasoma maandishi yake. "Mzee," akasema, "hii ni dawa ya minyoo, na hii ni vitamini. Kwa dalili unazonieleza, mtamba wako alishikwa na ndigana kali. Hakupata hata tone moja la dawa ya ndigana."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akajibu: "Mwanangu, mimi ningejuaje? Alikuja na sindano."

Maneno hayo matatu, "alikuja na sindano", ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu leo. Mtu asiye na elimu ya kazi fulani hana njia ya kumpima ajidaiye kuwa nayo. Huona mkoba, huona koti, huona sindano. Elimu yenyewe haionekani kwa macho. Fundi cherehani akiharibu suruali, mwenye suruali ataivaa na kuona kasoro. Mwashi akijenga ukuta uliopinda, hata mtoto atauonyesha kwa kidole. Lakini ng'ombe akichomwa dawa isiyo yake hawezi kunena, wala hawezi kwenda barazani kushitaki. Atakufa tu, na aliyemwua atasema kwamba ugonjwa ulikuwa mkubwa.

Kwa sababu hiyo nchi zenye mifugo huweka leseni. Wako wanaoidhania leseni kuwa pambo la ukutani, na wako wanaoiona kuwa ni kodi nyingine iliyobuniwa kumsumbua mtu atafutaye riziki. Kwa kweli leseni ni neno la wajuao kazi wakimwambia asiyejua: huyu tumempima kwa niaba yako, na akikukosea njoo utuambie. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza. Tena tunataka kulieleza pamoja na jambo la pili, ambalo wapenda sheria hulisahau: neno hilo halimfai mwenye ng'ombe ikiwa linasemwa mjini tu wala halimfikii kijijini.

NANI NI NANI

Yafaa kwanza tutenganishe majina, kwani mtaani kila ashikaye sindano ni daktari. Daktari wa mifugo ni mtu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu. Hapa kwetu Tanzania masomo hayo hutolewa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, nayo huchukua miaka 5. Chini yake yuko mtaalamu msaidizi, ambaye wananchi humwita Bwana Mifugo hata akiwa ni mwanamke. Huyu husoma kwa astashahada au stashahada katika vyuo kama vile vya Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na Madaba, ambavyo leo vimo chini ya Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Mpwapwa hasa ni mji mkongwe katika kazi hii. Kituo cha kuchunguza maradhi ya mifugo kilianzishwa huko tangu mwaka 1905, enzi ya Wajerumani.

Bwana Mifugo huchanja, hutibu maradhi ya kawaida, huhasi madume, huhimilisha majike, husimamia majosho, hukagua nyama machinjioni na hupima damu katika maabara. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, bila kuhesabu mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku, nayo ina vijiji zaidi ya 12,000. Mtu yeyote ajuaye hesabu ataona mara moja kwamba mkono unaomfikia ng'ombe wa kijijini si wa daktari wa chuo kikuu. Ni wa Bwana Mifugo, au ni wa yule kijana mwenye pikipiki. Hapana wa tatu.

Kwa hiyo tunapozungumza habari ya leseni ya msaidizi tusidhani kwamba tunazungumza habari ya watu wadogo wa pembeni. Tunazungumza juu ya mlango ambao karibu kila mfugo wa mwananchi wa kawaida hupitia.

SOMO LA SOTOKA

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuliogopa jina la sotoka. Katika miaka ya 1890 maradhi hayo yaliteremka kutoka Uhabeshi, yakaivuka Afrika Mashariki yote, na kufika mwaka 1896 yalikuwa yamekwisha vuka mto Zambezi. Ng'ombe walikufa kwa wingi hata ndege walao mizoga wakashiba. Wamasai na makabila mengine ya wafugaji waliachwa bila maziwa, bila nyama na bila mahari, na njaa ikafuata nyuma kama kivuli.

Leo sotoka haiko duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetoweka kabisa, na hayo ni maradhi ya pili tu kufutwa na wanadamu baada ya ndui. Ushindi huo ulipatikanaje? Elimu ya juu ilifanya sehemu yake. Daktari Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora huko Muguga, Kenya, na baadaye wataalamu wengine wakapata njia ya kuifanya chanjo hiyo isiharibiwe upesi na joto. Lakini chanjo iliyomo chupani haijapata kumponya ng'ombe hata mmoja. Ilitakiwa ibebwe kwa miguu hadi Karamoja, hadi kwa Waafar wa Uhabeshi, hadi Sudan ya Kusini, mahali pasipo na barabara, na mara nyingine pasipo na amani. Walioibeba walikuwa wasaidizi, na wengi wao walikuwa wafugaji wenyewe waliochaguliwa na watu wao, wakafundishwa kazi moja, wakaifanya sawasawa.

Tuyatazame maneno hayo vizuri: walichaguliwa, wakafundishwa, wakapewa kazi yenye mipaka, na yuko mkubwa aliyewauliza chupa ngapi zimetumika na ng'ombe wangapi wamechanjwa. Hayo yote ndiyo maana ya leseni, hata kama hapakuwa na karatasi yenye mhuri. Sotoka ilishindwa na mkono ulio karibu, uliofundishwa, na wenye kuulizwa. Ukiondoa neno moja katika hayo matatu, yule kijana mwenye pikipiki anarudi.

UHURU WA KUUZA ULITANGULIA

Kwa miaka mingi Bwana Mifugo wetu alikuwa mtumishi wa Serikali, na utumishi huo ndio uliokuwa leseni yake. Dawa zilitoka katika bohari ya Serikali, majosho yaliendeshwa na Serikali, na aliyekosa aliitwa na mkubwa wake akajieleza. Katika miaka ya 1980 na 1990 mambo yaligeuka. Kwa mageuzi ya uchumi ya wakati ule Serikali ilipunguza ajira, biashara ya dawa ikaachwa mikononi mwa watu binafsi, na mfugaji akaambiwa ajilipie. Majosho mengi yalikauka. Maduka ya dawa yakafunguliwa katika kila mji mdogo na katika minada. Uhuru wa kuuza ulitangulia mbele, na utaratibu wa kumpima mwuzaji na mchomaji ukafuata nyuma ukichechemea.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Veterinari, namba 16 ya mwaka 2003. Sheria hiyo iliunda Baraza la Veterinari, lenye Msajili wake, na ikaweka ngazi. Madaktari husajiliwa, wataalamu wasaidizi huandikishwa, na walio chini yao huorodheshwa. Kila ngazi ina mipaka ya kazi yake. Baraza lina wajibu wa kutazama elimu ya anayeomba, kutunza daftari la majina, kuangalia mahali pa kutolea huduma, na kumwita atakayeshitakiwa kwa kuvunja miiko ya kazi.

Jambo kubwa katika sheria hiyo ni kwamba ilimtaja msaidizi kwa jina lake. Zipo nchi ambazo kwa muda mrefu sheria ilimjua daktari peke yake, na msaidizi akawa kama mtoto wa nje: kazi anafanya, lakini nyumbani hatambuliwi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria ya namna hiyo mpaka mwaka 2011, walipotunga sheria mpya iliyowaweka madaktari na wasaidizi chini ya Bodi moja. Nalo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris tangu mwaka 1924, lilitoa mwaka 2018 mwongozo wa ujuzi umpasao msaidizi, na mwaka uliofuata likatoa mwongozo wa mafunzo yake. Mwongozo huo unawataja wasaidizi wa afya ya wanyama, wa afya ya umma, na wa maabara. Na kwa kanuni za Shirika hilo, msaidizi ni mtu aliyeruhusiwa na baraza la kisheria kufanya kazi maalumu, chini ya dhamana na uongozi wa daktari.

KAZI ISIYOSAMEHE KOSA

Pengine msomaji atauliza: kuchoma sindano kuna ugumu gani hata kuhitaji baraza na sheria? Mfugaji hodari huchoma mwenyewe.

Tuichukue ndigana kali ile ile iliyomwua mtamba wa jirani yangu. Huletwa na kupe wa kahawia apendaye masikio, na ipo chanjo yake, iliyopatikana kwa utafiti wa Muguga. Chanjo hiyo si maji yasiyo na uhai. Ni vijidudu hai vya ndigana, vilivyotolewa katika kupe, vikahifadhiwa ndani ya naitrojeni iliyofanywa kuwa maji, yenye baridi inayopita nyuzi 190 chini ya sifuri. Mchanjaji huviyeyusha, na tangu hapo ana saa chache tu za kuvitumia. Humchoma ng'ombe vijidudu hivyo, na papo hapo humchoma dawa ya kuvipunguza nguvu, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mnyama. Ikifanywa sawasawa, ng'ombe huugua kidogo sana au haugui kabisa, naye hupata kinga ya muda mrefu. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini ya nchi yetu wameifahamu faida yake, na ng'ombe aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Lakini mchanjaji akikisia uzito, au akipunguza dawa ili ibaki ya kuuza, amemtia ng'ombe ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na akiziacha chupa zipate joto njiani, atakuwa ameuza maji, na mfugaji atakwenda kulala akijua kwamba ng'ombe wake wamekingwa.

Jambo la pili ni dawa za kuua vijidudu, yaani antibayotiki. Mchomaji asiye na elimu huwa na dawa moja kwa kila ugonjwa, naye huichoma nusu nusu ili chupa ifike mbali. Kipimo pungufu huua vijidudu dhaifu na kuviacha vile vyenye nguvu. Hivyo huzaana, na siku ya pili dawa ile haifanyi kazi tena, hata ikichomwa na daktari mwenyewe. Tena dawa haitoki mwilini siku ile ile. Kila chupa ina siku za kungoja zilizoandikwa, ambazo kwa dawa nyingine ni majuma kadhaa, kabla nyama haijaliwa au maziwa hayajanywewa. Nani atamwambia mfugaji habari hizo, ikiwa mchomaji mwenyewe hakupata kuzisikia?

Jambo la tatu ni maradhi yampatayo mnyama na mtu pia. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931, ilianza Kenya mwishoni mwa mwaka 2006, ikaingia Tanzania mwanzoni mwa 2007, na hapa kwetu peke yake ikaua watu zaidi ya mia moja. Iko kimeta, iko homa ya kutupa mimba, kiko kifua kikuu cha ng'ombe, kiko kichaa cha mbwa. Katika maradhi haya wa kwanza kuona dalili huwa ni yule aliyeitwa zizini. Aliyesoma ataona kondoo wengi wametupa mimba kwa juma moja, atashituka, ataandika taarifa, atakataza kuchinja. Asiyesoma atachoma sindano, atapokea fedha, ataondoka. Pengine ataondoka na ugonjwa mikononi mwake.

Kwa ajili hiyo mfanyakazi wa mjini, asiye na hata kuku mmoja, asidhani kwamba habari hii ni ya wafugaji. Maziwa ya chai yake ya asubuhi yametoka mahali. Nyama anunuayo ina mhuri, na nyuma ya mhuri ule yuko mtu aliyekata tezi na maini akatazama. Ikiwa mtu huyo hakujifunza kutazama, mhuri ni wino tu.

FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Sasa tuwasikilize wenye manung'uniko, maana wapo wa pande tatu, na kila mmoja ana haki kidogo.

Wa kwanza ni mfugaji wa mbali. Anasema: "Mnaniambia nisimwite asiye na leseni. Mwenye leseni yuko wapi? Ng'ombe wangu anaugua usiku, na ofisi iko mwendo wa siku nzima. Huyu kijana hana cheti, lakini simu yake hupokewa." Hayo ni maneno mazito, na haifai kuyajibu kwa kutikisa kitabu cha sheria. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Serikali ikimfungia asiye na leseni bila kumpeleka mwenye leseni, haikumlinda mfugaji. Imemwacha peke yake na ugonjwa. Kazi ya kwanza ya usajili, basi, ni kuwafikia watu. Wako vijana wengi waliomaliza vyuo vya mifugo ambao hawana ajira. Elimu wanayo, hawana friji ya chanjo, hawana pikipiki, hawana mtaji wa dawa. Halmashauri, chama cha ushirika au benki ikimkopesha mmoja wao vitu hivyo, itakuwa imefunga njia ya walaghai kumi bila kumpeleka polisi hata mmoja.

Wa pili ni baadhi ya madaktari. Wanasema kwamba msaidizi akishapewa leseni hujiona daktari, hupasua asichokijua, hufungua duka na kuondoa kibao cha msaidizi mlangoni. Ni kweli kwamba wako wafanyao hivyo, na hao wanastahili kuitwa mbele ya Baraza. Lakini tuseme kweli bila kuogopana: iko hofu nyingine chini ya hofu hiyo, nayo ni ya mfuko. Daktari anayetaka msaidizi azuiwe kuchanja kuku na kutibu ndigana kijijini, hali yeye mwenyewe hana nia ya kwenda kuishi huko, hailindi taaluma. Analinda kiti kisichokaliwa. Daktari mwema ataona kwamba msaidizi aliyeandikishwa ni mkono wake mrefu. Atamtembelea, atazisoma taarifa zake, atapokea simu yake anapokutana na jambo linalomzidi. Uongozi wa daktari ulioandikwa katika sheria, ikiwa daktari hajulikani jina wala namba ya simu, ni uongozi wa karatasi.

Wa tatu ni Bwana Mifugo mwenyewe. Yeye analalamika hivi: "Nilisoma, nikafanya mitihani, nikaandikishwa, ninalipa ada. Jirani yangu hakusoma, haandikishwi, halipi kitu, na bei yake ni nusu ya yangu. Leseni imenifaidia nini?" Manung'uniko haya ndiyo yanayotuuma zaidi, kwa kuwa ni ya mfanyakazi aliyetii sheria akaona kwamba utii wake umemtia hasara. Leseni ni makubaliano ya pande mbili. Mfanyakazi anakubali kupimwa, kuulizwa na kuadhibiwa; na nchi nayo inakubali kumlinda na wale waliokataa kupimwa. Upande mmoja ukitimiza na mwingine usitimize, makubaliano yamevunjika, na mwisho wake watii nao watajificha. Wakaguzi wafike minadani siku ya mnada, mahali ambapo dawa huuzwa juani juu ya turubai, badala ya kumwandama kila mara yule mwenye duka lenye kibao, kwa sababu tu ni rahisi kumpata.

YATUPASAYO

Mfugaji akimwita mtu kutibu mnyama wake, na aulize mambo matatu. La kwanza: umeandikishwa, na cheti chako kiko wapi? La pili: hii ni dawa gani, na ni ya ugonjwa gani? La tatu: nisubiri siku ngapi kabla ya kukamua au kuchinja? Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Hufurahi, maana ndiyo yanayomtenga na mlaghai. Atakayekasirika na kufunga mkoba wake, mwacheni aende. Na chupa zisitupwe jaani. Ziwekwe, na tarehe iandikwe, hata kwa mkaa ukutani mwa banda. Ng'ombe hawezi kushitaki, lakini chupa inaweza kutoa ushahidi.

Bwana Mifugo, nawe ujue mpaka wako. Hapana aibu kusema "hili linanizidi, tumwite daktari". Aibu ni kuubatiza kila ugonjwa jina la dawa iliyomo mkobani. Cheti kibandikwe mahali pa kuonekana, na taarifa iandikwe hata kama hakuna aliyeiomba.

Viongozi wa vijiji wanawajua watu wao kwa majina. Haiwachukui muda kuuliza katika mkutano ni nani watibuo mifugo hapa, na nani kati yao ameandikishwa, kisha wakabandika majina hayo kwenye mbao za matangazo. Daftari la Msajili, hata liwe zuri namna gani, halisomwi na mzee aliyeko zizini. Karatasi iliyobandikwa kwenye mti wa mkutano husomwa na mjukuu wake.

Kwa Baraza na Serikali tunasema hivi: hesabuni mafanikio yenu kwa idadi ya vijiji vyenye msaidizi aliyeandikishwa na daktari anayemwongoza. Faini zilizotozwa na maduka yaliyofungwa visiwe ndivyo vya kujivunia. Njia ya kuandikishwa iwe fupi, ada iwe ya kadiri ya kipato cha kijana anayeanza, na mashitaka ya mfugaji yawe na mahali pa kupelekwa karibu na kwake.

Zamani tulizoea kumwita mnyonyaji kupe, na kila mtu alielewa. Mtu auzaye sindano asiyoijua kwa mwenzake asiyejua ni kupe wa namna hiyo, tena hunyonya pale pale ambapo kupe mwenyewe amekwisha nyonya. Dawa ya kupe wa majani ni josho. Dawa ya kupe wa miguu miwili ni watu wanaouliza, na mtaalamu aliye karibu wa kujibu.

Jirani yangu hakununua mtamba mwingine. Fedha zilikuwa za mara moja, na umri hauruhusu kuanza upya. Lakini banda hakulibomoa. Mwezi uliopita nilimkuta ameliazima kwa mjukuu wake anayefuga mbuzi wawili, na ukutani, juu ya hori, mjukuu amebandika kipande cha karatasi chenye jina la Bwana Mifugo, namba yake ya uandikishaji na namba yake ya simu. Mzee alinionyesha kwa mkongojo. "Huyu," akasema, "akija na sindano, najua ametoka wapi."